Kabla Hujamwaga Samadi, Jua Shamba ni la Nani

Ekari moja ya kuazimwa ndiyo iliyonifunza haya. Nilipewa bure kwa sababu ilikuwa ngumu kama sakafu. Mahindi yalikuwa yakiishia magotini. Nikabeba samadi kichwani kutoka zizi la jirani, nikatandaza majani, nikachimba makinga maji kukata mteremko. Ilipofika masika ya tatu udongo ulikuwa mweusi, ukiufumbata unashikana. Mwenye shamba alipita siku moja, akasimama, akachota udongo, akaunusa. "Dada, hapa umefanya kazi," akasema. Mwezi uliofuata akarudi na mwanawe: kijana anaoa, anataka pa kulima. Sikuwa na karatasi wala shahidi. Nilivuna mihogo yangu nikaondoka, minyoo ya udongo nikawaachia wao.

Mimi ni mkulima wa Muheza, mkoani Tanga, upande wa kupandia Amani. Nina pilipili manga, mdalasini, migomba na michungwa michache, na dawa ya dukani haijaingia shambani kwangu miaka mingi. Nimewahi pia kukaa kwenye baraza la ardhi la kijiji, nikasikiliza kesi za mipaka mpaka masikio yakachoka. Vijana wakija kwangu kujifunza kilimo hai, yaani kulima bila dawa wala mbolea za viwandani, huuliza mboji inapangwa vipi na mwarobaini unalowekwa siku ngapi. Hayo nitawajibu, ni ya nusu saa. Kwanza mimi nawauliza: shamba ni la nani, na utakuwa nalo mpaka lini?

Siwaulizi kwa ushari. Mbolea ya mfuko inarudisha faida yake msimu uleule. Samadi na mboji zinalipa kidogo masika hii, zaidi ijayo, na utamu wenyewe unaonekana mwaka wa tatu au wa nne. Mkarafuu unaweza kukukalisha miaka sita na zaidi kabla hujaona ua. Ukitaka kuuza viungo Ulaya kwa jina la kilimo hai, zao la kudumu linataka kipindi cha mpito, yaani kulima kwa kilimo hai huku bado huna cheti, cha miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza yenye cheti, na mazao ya msimu miaka miwili kabla ya kupanda. Mtu mwenye uhakika wa msimu mmoja akinunua mfuko wa urea simlaumu. Amepiga hesabu sawasawa.

Ulize ardhi ni ya aina gani

Nchi yetu, Tanzania, ardhi yote ni ya umma, Rais ameshikilia kama mdhamini kwa niaba yetu. Chini yake kuna mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Sheria mbili za 1999, ile ya Ardhi Namba 4 na ile ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zilizoanza kutumika Mei 2001, ndizo zinazosema nani ana mamlaka wapi. Sisi huku mafungu yote matatu tunayagusa kwa mguu mmoja.

Ukienda juu unakutana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa 1997. Pale hata uwe umepanda iliki chini ya kivuli tangu enzi za babu, hilo si shamba. Ukishuka chini unakutana na mashamba ya mkonge, ambayo ndiyo ardhi ya jumla. Tangu Mjerumani Richard Hindorf alete miche yake mwaka 1893, ardhi kubwa ya tambarare ya Muheza, Korogwe na Pangani ilikatwa kuwa mashamba makubwa, na mengi yana hati za serikali mpaka leo hata kama yameota pori. Watu wanaona pori wanaingia na jembe, mwenyekiti wa kitongoji anawaandikia karatasi, kila mtu anafurahi. Lakini hati ile anayeweza kuifuta ni Rais peke yake, na mpaka ifutwe na ardhi ipangiwe matumizi mengine, wewe pale ni mgeni. Usipande mdalasini kwenye pori la mkonge kwa maneno ya mwenyekiti wa kitongoji.

Kinachobaki, yaani sehemu kubwa ya mashamba yetu, ni ardhi ya kijiji. Inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na halmashauri hiyo nayo haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji waliofikisha miaka 18. Nenda ofisi ya kijiji umwombe mtendaji akuonyeshe Cheti cha Ardhi ya Kijiji na ramani ya mipaka. Akikwambia kiko wilayani, mwulize tangu lini. Kijiji kisicho na cheti hakiwezi kukupa hati, kwa hiyo swali hilo si la umbea.

Kama shamba ni la kuazima au kukodi

Huku kwetu kuna kanuni isiyoandikwa popote lakini kila mtu anaijua: aliyeazimwa shamba hapandi mti. Mahindi sawa, maharage sawa, mihogo kwa kubembeleza. Ukichimba shimo la mchungwa, mwenye shamba halali usiku huo, maana mti ni ushahidi wa milki. Sasa kilimo hai bila mti ni nini? Kivuli kinatokana na mti, matandazo yanatokana na mti, pilipili manga yenyewe inapanda juu ya mti. Hapo ndipo mila ya umiliki na kilimo kizuri zinapogongana, na wapangaji wengi wanashindwa bila kujua wameshindwa na nini.

Dawa yake ni kuutenganisha mti na milki kwa maandishi. Siku hizi nikikodi naandika hivi, nawe ukitaka nakili:

"Mimi fulani nimemkodisha fulani shamba la ekari moja na nusu lililoko kitongoji fulani, linalopakana na fulani kaskazini, kijito kusini, kwa miaka mitano kuanzia vuli ya mwaka huu. Kodi italipwa kila mwaka kabla ya masika. Mkodi anaruhusiwa kuchimba makinga maji, kupanda majani ya guatemala kwenye kingo, na kupanda miti ya kivuli na ya kupandishia pilipili. Miti hiyo haimpi haki yoyote ya kumiliki ardhi. Muda ukiisha, miti inabaki kwa mwenye shamba. Mwenye shamba akilitaka shamba kabla ya muda, atangoja mazao yaliyomo yavunwe, na atalipa gharama ya samadi na kazi ya makinga maji ya mwaka wa mwisho kama ilivyoandikwa kwenye daftari la mkodi. Katika muda huu hakuna upande utakaoingiza dawa za viwandani wala mbolea ya chumvichumvi shambani humu."

Weka mashahidi wawili kila upande, na mmoja awe mtoto au ndugu wa mwenye shamba anayetarajia kurithi. Hili watu wanalisahau. Mzee anaweza kuwa mwungwana wa kuaminika, akafa mwaka wa pili, warithi wakasema hawajui kitu. Mke wake naye atie sahihi. Nakala moja ipelekwe serikali ya kijiji, kwa sababu kukodisha ardhi ya kijiji nako kuko chini ya macho ya halmashauri, si siri yenu wawili.

Utaambiwa unaleta mambo ya mahakamani kwenye ujirani. Nilishaambiwa. Nikajibu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, mzee akacheka, akatia dole gumba. Ile sentensi ya miti kutokumpa mkodi haki ndiyo iliyomlainisha. Miaka mitano si mingi, lakini samadi inarudi, na hapo unaweza kuongea naye upya huku akiona mwenyewe thamani ya kilichofanyika.

Akikataa kabisa kuandika, lima mazao ya msimu, weka matandazo ya bei nafuu, kunde na mbaazi zirutubishe, lakini usibebe samadi kichwani. Mimi shingo yangu bado inakumbuka.

Kama shamba ni lako: hati ya kimila

Wengi wanadhani hati ya haki miliki ya kimila ni ndugu mdogo wa ile hati ya mjini. Sheria inasema zina hadhi sawa. Tena ya kimila kwa mwanakijiji inaweza kuwa haina ukomo wa miaka, wakati za mjini zinahesabiwa 33, 66, 99. Kwa mtu anayepanda mkarafuu, kutokuwa na ukomo ni neno tamu.

Unaanza kwa kujaza fomu ya maombi kwa halmashauri ya kijiji, ambayo inatakiwa ikujibu ndani ya siku 90. Mipaka inahakikiwa shambani, majirani wakiwepo. Hati inasainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, unasaini wewe au unaweka dole, kisha afisa ardhi wa wilaya anasaini, anagonga muhuri na kuisajili. Kijiji kinatakiwa kiwe na masjala yake ya ardhi, yaani chumba kinachofungwa na kabati linalofungwa. Vijiji vingi vimekwama kwenye kabati. Kama chenu kimekwama hapo, changeni mbao. Ni rahisi kuliko kungoja mradi.

Kabla ya siku ya uhakiki, tembea mpaka wako na kila jirani peke yake, jioni, bila haraka. Pale mnapokubaliana pandeni masale hapohapo wote wawili mkishika. Sale halifi upesi na kila mtu anajua maana yake. Pale msipokubaliana, msigombane siku hiyo. Acheni, mtafuteni mzee aliyelima pale zamani. Migogoro mingi niliyoisikia barazani ilikuwa ya hatua mbili tatu, na aliyekuwa na makinga maji yaliyoishia vizuri mpakani alikuwa na nguvu kuliko aliyekuwa na maneno mengi.

Majina. Hapa nitakaa kidogo. Huku kwetu wanaojaza kilimo hai ni wanawake. Ndio wanaobeba samadi, wanaopalilia kwa jembe badala ya kupiga dawa, wanaoanika iliki. Lakini hati ikija inaandikwa jina la baba. Nilisikia shauri la mama mmoja aliyekuwa amelima shamba la mumewe miaka ishirini na ushei. Mume alipofariki shemeji akaja na ukoo wake kusema ardhi ni ya ukoo. Mila ilikuwa upande wa shemeji. Sheria haikuwa upande wake: kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu kupata na kumiliki ardhi. Mama alibaki shambani, lakini baada ya vikao vingapi, na mdalasini ulichunwa na nani wakati akihudhuria vikao? Jaza majina mawili kwenye fomu tangu mwanzo. Mume akisema "si ni kitu kimoja tu", mwambie kwa kuwa ni kitu kimoja, basi wino hautaongezeka sana.

Ukipata hati, soma masharti yake. Mojawapo linakutaka ulitunze shamba katika hali nzuri na ulilime kwa ukulima mzuri unaokubalika eneo lenu. Hilo ni rafiki wa mkulima wa kilimo hai, ila watu wachache wanalikumbuka. Lingine ni suala la shamba kutelekezwa. Ukiliacha miaka mitano bila kulitumia, kijiji kinaweza kuanza kulihesabu limetelekezwa. Kupumzisha ardhi sheria inakuhesabia kuwa ni matumizi, lakini jirani mwenye tamaa hajui tofauti ya shamba linalopumzika na shamba lililotupwa. Kwa hiyo mimi nikipumzisha kipande napanda marejea au upupu, mimea ya kufunika na kurutubisha udongo, na ninamwandikia mtendaji barua ya mistari mitatu: kipande fulani nakipumzisha mpaka mwaka fulani. Nakala yenye muhuri naiweka.

Kuhusu mkopo: hati ya kimila unaweza kuiweka dhamana. Mimi nakushauri usifanye hivyo katika miaka ya mpito, wakati mavuno yameshuka na bei ya kilimo hai bado hujaipata. Benki haingoji udongo upone.

Mpango wa matumizi ya ardhi ndio wenye nguvu

Hati yako inakulinda wewe. Haimzuii jirani wa juu kupiga dawa kwenye nyanya zake na maji ya mvua yakakuletea. Haizuii ng'ombe kulala kwenye matandazo yako mwezi wa Januari, wala moto wa mwindaji. Hayo yanatatuliwa na mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, unaotengenezwa chini ya Sheria Namba 6 ya 2007, na sheria ndogo zinazoufuata. Kama una nguvu ya vikao vichache tu kwa mwaka, usizitumie kwenye semina. Zitumie hapa.

Mpango unagawa kijiji: makazi, mashamba, malisho, njia ya mifugo, msitu wa kijiji, vyanzo vya maji, akiba ya baadaye. Timu kutoka wilayani itakuja na ramani na wataalamu wake, mtakaa siku kadhaa. Nendeni mkiwa mmejipanga. Sisi tulikaa kwanza wakulima kama kumi na tano chini ya mfenesi, tukaandika tunachotaka kwenye karatasi moja. Kwanza, njia ya mifugo ipite wapi, tena yenye upana unaotosha, maana njia nyembamba ni njia ya uongo. Wafugaji tuliwaita siku ya pili, na wao ndio waliotuonyesha mahali pa kunywesha ambapo hatukupafikiria. Tukawaambia tunataka samadi yao, wao wakataka mabua yetu baada ya mavuno. Mkataba ule umezuia ugomvi kuliko polisi yeyote.

Pili, vyanzo vya maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na vyanzo vya maji. Vijito vyetu vinakwenda Mto Zigi, Zigi inakwenda bwawa la Mabayani, na Mabayani ndilo linaloinywesha Tanga mjini. Tuliliandika kwenye mpango kwa lugha yetu: ndani ya ukanda ule hakuna kulima, hakuna kuoshea bomba la dawa. La kuoshea bomba lilileta kelele kuliko yote, na lilipita kwa sababu kina mama wanaochota maji walijaa mkutanoni.

Tatu, ukanda wa kinga. Kilimo hai kinapopakana na shamba linalopigwa dawa, mkaguzi wa cheti atauliza nini kiko katikati. Tulitaka kila anayepiga dawa aache nafasi upande wake; mkutano ukakataa, na nadhani walikuwa sahihi, kwa nini mtu apoteze ardhi kwa uchaguzi wangu? Tukakubaliana nusu kwa nusu, na anayepiga dawa amjulishe jirani siku moja kabla na asipige upepo ukiwa mkali. Mimi upande wangu nimepanda guatemala na mstari wa migomba. Ndizi za mstari ule siziuzi kama za kilimo hai.

Mkishakubaliana, yageuzwe kuwa sheria ndogo: halmashauri ya kijiji iandike, mkutano mkuu upitishe, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe. Bila hatua hiyo ya mwisho ni makubaliano ya heshima tu, na faini yake mtu anaweza kuikataa. Fuatilieni. Karatasi zetu zililala mezani kwa mtu miezi mingi mpaka mwenzetu mmoja alipozoea kwenda kuzisalimia kila siku ya gulio.

Mkiulizwa mnapata wapi jeuri ya kudai haya, taja Mkakati wa Kitaifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa 2023 hadi 2030. Serikali yenyewe imeshasema inataka kilimo cha namna hii. Mkakati haukupi ekari hata moja, lakini afisa anayesikia jina lake anakaa vizuri kwenye kiti.

Ramani moja, kazi mbili

Nilipokuwa nahangaikia hati sikujua kwamba nusu ya kazi ya cheti cha kilimo hai nilikuwa nimeshaimaliza. Mkaguzi anataka ramani ya shamba, ukubwa, majirani wanalima nini, na historia ya kila kipande: lini mara ya mwisho kiliingia dawa. Kwa soko la ndani na la Afrika Mashariki kuna alama ya Kilimohai, iliyotokana na kiwango cha pamoja cha 2007, na vikundi vinaweza kuhakikiana vyenyewe kwa mfumo shirikishi bila kumlipa mkaguzi wa mbali. Kwa Ulaya kanuni mpya zinataka kikundi kiwe kimesajiliwa kisheria na wanachama wasizidi 2,000. Anayelima ardhi yenye mgogoro ni mzigo kwa kikundi kizima, maana kipande chake kikinyang'anywa na kupigwa dawa katikati ya mwaka, daftari la wote linatiwa doa. Kikundi chetu hakimpokei mtu kabla hajatuonyesha hati au mkataba wa kukodi usiopungua miaka mitatu.

Ikizuka kesi

Anza na baraza la ardhi la kijiji. Ni watu saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yao ni kusuluhisha. Baraza la kata nalo, tangu mabadiliko ya 2021, linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindikana ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usiache kesi ilale kwa kuona aibu. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, na aliyekaa kimya kuliko hapo anaweza kukuta mlango umefungwa. Beba daftari la samadi, picha za makinga maji zenye tarehe, risiti za kodi. Wazee wa baraza wanapenda sana kushika kitu mkononi.

Siku ya uhakiki wa mipaka vaa viatu vya kufunga, chemsha mihogo ya kutosha watu wanane, na beba maji, maana timu inatembea kutwa na mwenye njaa hupima kwa macho. Hati ikisomwa, sikiliza tahajia ya jina lako kabla muhuri haujagongwa. Langu lilikuja na herufi moja iliyozidi. Afisa akasema haina shida, nikamwomba aichape upya, nikangoja pale bandani mpaka jioni.